Mpira Usitoke

SEHEMU YA KWANZA

Jumapili, Juni 4, 2023. Uwanja wa Genk, mashariki mwa Ubelgiji. Dakika tisini zimekwisha, mwamuzi ameongeza chache, na kombe la ligi bado halijajua litalala wapi.

Siku hiyo ya mwisho ya msimu timu tatu zilikuwa na haki ya kuota ubingwa: Royal Antwerp, wenyeji wao Genk, na Union Saint-Gilloise waliokuwa Brussels wakicheza na Club Brugge. Hadi zikiwa zimebaki dakika chache kabisa, Union waliongoza 1–0 na ubingwa ulikuwa wao. Ghafla Brugge wakasawazisha, wakapachika la pili, wakapachika la tatu. Habari zikakimbia kwa simu na redio mpaka Genk, ambako wenyeji walikuwa mbele 2–1. Majukwaa yakalipuka. Mabingwa sasa ni Genk!

Watanzania wanaufahamu uwanja huo. Ni nyumbani kwa klabu ambayo Mbwana Samatta alitwaa nayo ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019 na kupewa tuzo ya Kiatu cha Ebony, na msimu huu wa 2022/23 alikuwa amerudishwa hapo kwa mkopo. Mashabiki wa Samatta, kwa hiyo, walikuwa upande wa wenyeji. Simulizi yetu iko upande wa wageni.

Antwerp walihitaji bao moja tu, kwani sare ingewatosha. Mara ya mwisho klabu hiyo kuwa bingwa ilikuwa 1957. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa sasa mzee wa kustaafu. Katikati ya ngome yao msimu mzima walisimama watu wawili ambao usingedhani watakutana. Mmoja ni Toby Alderweireld, miaka 34, mzaliwa wa Antwerp, aliyezunguka Ajax, Atlético Madrid na Tottenham kabla ya kurudi kwao. Wa pili ni kijana wa miaka 21 anayetumia mguu wa kushoto, Willian Pacho, raia wa Ecuador.

Dakika ya 94. Mpira unatoka kwenye msongamano wa miguu na vichwa, unashuka mbele ya Alderweireld, nje kidogo ya eneo la hatari. Beki wa kati hana kazi pale saa kama ile. Anauvuta mguu wa kulia nyuma.

Tumwache hapo hapo, mguu ukiwa hewani. Mwenye simulizi hii ni yule wa pili, na huwezi kuelewa bao lile lilikuwa na maana gani kwake bila kwanza kuvuka Atlantiki.

Quinindé ni mji wa mtoni katika jimbo la Esmeraldas, kaskazini-magharibi mwa Ecuador. Ni nyanda za joto na mvua, na mashamba ya michikichi yanakwenda mpaka macho yachoke. Mkulima wa Kigoma akishushwa huko angeujua mti kabla ya kuujua mji. Watu wengi wa jimbo hilo ni weusi, na historia yao ni ya kusimama wima. Mwaka 1553 meli iliyobeba watumwa ilivunjika karibu na pwani ile. Waafrika waliookoka wakaingia msituni wakawa watoro, wakajenga jamii huru iliyokuja kuongozwa na Alonso de Illescas, na Wahispania wakashindwa kuitiisha. Karne nne na nusu baadaye, Esmeraldas ni jimbo ambalo serikali hulisahau zinapogawanywa barabara na hospitali, na taifa zima hulikumbuka kinapotangazwa kikosi cha timu ya taifa. Enner Valencia ametoka huko. Pervis Estupiñán na Piero Hincapié pia.

Pacho alizaliwa Quinindé Oktoba 16, 2001. Njia yake ya kutokea ilipitia klabu ambayo miaka ya nyuma ungeweza kuipita barabarani bila kuiona.

Independiente del Valle ni ya Sangolquí, mji mdogo jirani na Quito, mita zipatazo 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ilianzishwa 1958 ikaishi maisha ya madaraja ya chini. Mwaka 2007 wawekezaji wakiongozwa na Michel Deller wakaichukua, wakaamua jambo ambalo viongozi wa klabu nyingi huliahidi kwenye mikutano na kulisahau wakitoka nje: kulea vijana. Wakajenga kituo, na ndani ya kituo wakaweka shule. Wasaka vipaji wakatumwa kwenye majimbo, pwani zaidi, na Esmeraldas hasa. Mtoto aliyezoea joto la Quinindé akifika kule juu anakutana na baridi ya Andes na hewa nyepesi inayochoma kifua kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza wa mazoezi.

Aprili 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 7.8 likaipiga pwani ya Ecuador, majimbo ya Manabí na Esmeraldas, likaua zaidi ya watu 600. Independiente ilikuwa ikicheza Copa Libertadores. Ikahamishia mechi zake za nyumbani kwenye uwanja mkubwa wa Quito na kutoa mapato ya viingilio kwa waathirika. Mwaka ule ule, timu hiyo ya mji mdogo ikawang'oa River Plate, ikawang'oa Boca Juniors, ikafika fainali na kufungwa na Atlético Nacional ya Colombia. Ninalitaja hili kwa sababu watu hupenda kusema kijana kama Pacho “aliibuka”. Hakuibuka. Kulikuwa na watu waliopanga, wakalipa walimu, wakapika chakula cha watoto miaka na miaka.

Mwaka 2019 klabu hiyo ikatwaa Copa Sudamericana, na mwaka huo Pacho akaonja Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Kizazi chake kituoni ni kizazi cha Hincapié na cha Moisés Caicedo, kiungo ambaye tutakutana naye tena mbele. Mwaka 2021 Independiente ikabeba ubingwa wa Ecuador kwa mara ya kwanza katika historia yake, Pacho akiwa kwenye ngome. Januari 2022, akiwa na miaka 20, akasaini Antwerp.

Ulaya ilimpokea kwa ukimya. Wiki zikapita, miezi ikapita, nafasi ya kikosi cha kwanza haikuja. Alifanya mazoezi pamoja na wenzake, Samatta akiwamo, maana msimu ule nahodha wa Taifa Stars alikuwa Antwerp kwa mkopo, na siku za mechi akabaki mtazamaji. Beki anayekaa nje hana hata ile bahati ya mshambuliaji ya kuingizwa dakika kumi za mwisho ajaribu kufunga. Ngome haibadilishwi ovyo.

Msimu ukaisha. Kocha akaondoka. Aliyekuja alikuwa Mholanzi mkali, kiungo wa zamani wa Barcelona na Bayern aliyekuwa akiogopwa kwa ukabaji wake. Akaanza kuwatazama mabeki aliowarithi, mmoja mmoja...

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO

SEHEMU YA PILI

Tuliishia pale Mark van Bommel alipokuwa akiwatazama mabeki aliowarithi Antwerp. Mguu wa Alderweireld nao bado uko hewani kule Genk. Tutaufikia.

Van Bommel alihitaji beki wa kushoto kati ya wawili wa katikati, mwenye mbio za kutosha kufunika uwanda mrefu ulioachwa nyuma timu ikipanda. Alderweireld alikuwa na akili na pasi, ila miguu ya miaka 33 haikimbizani tena na mawinga. Pacho alikuwa na hiyo miguu. Akawekwa, na hakutoka tena. Antwerp wakaanza ligi kwa kushinda mechi tisa mfululizo.

Kwa beki kijana, kucheza pembeni mwa mtu kama Alderweireld ni shule isiyo na ada. Mkongwe hamfundishi kukimbia, humfundisha lini asikimbie. Tazama picha za msimu ule: kijana mwanzoni anaufuata mpira, na miezi ikisonga anaanza kufika mahali pake kabla haujapigwa.

Novemba akaitwa Qatar kwenye Kombe la Dunia. Ecuador waliwafunga wenyeji 2–0, wakatoka sare ya 1–1 na Uholanzi, wakafungwa 2–1 na Senegal wakarudi nyumbani. Pacho alikaa benchi mechi zote tatu. Machi 2023 timu ya taifa ikaenda Australia kwa mechi mbili za kirafiki, na huko, Melbourne, akafunga bao la ushindi wa 2–1. Mwezi huo huo Eintracht Frankfurt ya Ujerumani ikatangaza kuwa imemnunua, ila amalize kwanza msimu Ubelgiji. Aprili 30 Antwerp wakawafunga Mechelen 2–0 na kubeba Kombe la Ubelgiji.

Likabaki moja.

Mguu wa Alderweireld ukashuka. Mpira ukapaa, ukaruka vichwa vyote, ukaingia kwenye kona ya juu ya lango la Genk. Mbili kwa mbili. Mabingwa wa Ubelgiji ni Royal Antwerp, baada ya miaka 66! Mzaliwa wa mji ule alikimbia akilia, na uwanja mzima wa wenyeji ukanyamaza isipokuwa kona moja iliyovaa nyekundu na nyeupe.

Bao hilo linarudiwa kwenye televisheni za Ubelgiji mpaka leo, na ni haki yake. Lakini lilitosha kwa sababu Antwerp walifika siku ya mwisho wakiwa mahali ambapo hata sare iliweza kuwapa ubingwa, na walifika hapo kwa mabao ambayo hawakufungwa tangu mwanzo wa msimu. Hayo hayarudiwi popote. Hakuna kamera inayoweza kuonyesha krosi ambayo haikupigwa kwa sababu Pacho alikwisha kusimama njiani. Mimi naona hiyo ndiyo dhuluma ya kazi ya beki, na ndiyo iliyonifanya nimchague yeye badala ya wafungaji ambao kila mtu anawajua.

Frankfurt alikaa msimu mmoja. Alicheza karibu kila mechi ya Bundesliga, na Desemba 9, 2023 alikuwa miongoni mwa walioitandika Bayern Munich 5–1. Vilabu vikubwa vikaanza kuuliza bei.

Kabla ya bei kutajwa kulikuwa na Copa América ya 2024 nchini Marekani. Julai 4, Houston, robo fainali: Ecuador dhidi ya Argentina, mabingwa wa dunia, mabingwa watetezi wa bara. Pacho alikuwa na miaka 22, na mtu wa kumchunga alikuwa Lionel Messi. Argentina wakatangulia kwa kichwa cha Lisandro Martínez kipindi cha kwanza. Baada ya mapumziko Ecuador wakapata penalti. Enner Valencia akaipiga, ikagonga nguzo. Mtu wa Esmeraldas alisimama ameshika kichwa. Mechi ikaelekea kufa. Na dakika ya kwanza ya nyongeza Kevin Rodríguez akasawazisha kwa kichwa!

Moja kwa moja kwenye matuta. Messi akaenda wa kwanza. Akakimbia taratibu, akaudokoa mpira katikati ya lango kwa madaha, kipa akiwa amekwisha kuanguka upande. Mpira ukapanda, ukagonga mwamba wa juu, ukatoka.

Messi amekosa. Mabingwa wa dunia wamejikwaa kwenye hatua ya kwanza. Kutoka kwenye duara la katikati, ambako Pacho na wenzake wameshikana mabega, Ángel Mena anatembea kuelekea lango. Mbele yake anamngoja Emiliano Martínez, akicheza juu ya mstari, akimtazama machoni...

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO

SEHEMU YA TATU

Martínez aliipangua. Akaipangua na ya pili, ya Alan Minda. Argentina hawakukosa tena, wakashinda 4–2 kwa matuta, na siku kumi baadaye wakabeba kombe. Messi akasamehewa na mikono ya kipa wake.

Pacho hakuwa na muda wa kuomboleza. Agosti 9, 2024 Paris Saint-Germain wakamtangaza kwa mkataba hadi 2029, jezi namba 51. Magazeti ya Ulaya yalitaja ada ya euro milioni 40. Hakuna Mecuador aliyewahi kuichezea klabu hiyo kabla yake.

Ilikuwa PSG inayojijenga upya. Kylian Mbappé alikuwa amekwenda Real Madrid. Messi na Neymar walikwisha kuondoka mwaka mmoja nyuma. Kocha Luis Enrique alitaka timu inayokaba kwa watu kumi na kupanda mpaka nusu ya wapinzani, jambo ambalo mashabiki hulishangilia na mabeki wa kati huliogopa, kwa maana nyuma yao unabaki uwanja mtupu wa mita arobaini na washambuliaji wenye mbio wakisubiri pasi moja ndefu. Ukicheza namna hiyo unahitaji beki asiyepoteza akili akiwa peke yake. Marquinhos, nahodha Mbrazili, alikuwa kulia. Kushoto akawekwa kijana wa Quinindé.

Ligi ya Ufaransa walitawala. Ulaya waliaibika. Katika mechi tano za kwanza za Ligi ya Mabingwa walipata pointi nne: wakafungwa na Arsenal London, na Atlético Madrid nyumbani kwa bao la dakika za majeruhi, na Bayern kule Munich. Walikuwa nje ya nafasi 24 za kusonga mbele. Januari 22, 2025, mvua ikinyesha Paris, Manchester City wakatangulia 2–0 muda mfupi baada ya mapumziko. Msimu ulikuwa umefikia ukingoni. PSG wakarudisha yote mawili ndani ya dakika kumi, wakaongeza mengine mawili, 4–2. Nimeirudia mechi hiyo nikimfuatilia beki peke yake. Baada ya bao la pili la City alisogea mbele, akaanza kuwakaba washambuliaji wakiwa bado wamelipa lango mgongo. Timu iliyokuwa inazama ikapata mahali pa kusimama.

Kisha Brest wakachakazwa mabao 10–0 kwa mechi mbili, na mbele wakakaa Liverpool, vinara wa hatua ya ligi. Machi 5, Paris: PSG mashuti 27, Liverpool mawili. Na Liverpool wakashinda 1–0, bao la Harvey Elliott dakika ya 87. Usiku kama ule ndio unaovunja mabeki. Umefanya kazi yako saa nzima na nusu bila kosa, unapumua mara moja, na ubao unasoma sifuri kwa moja.

Siku sita baadaye, Anfield, Ousmane Dembélé akafunga dakika ya 12, na kuanzia hapo dakika 108, zikiwamo za nyongeza, hakuna aliyefunga tena. Mohamed Salah, aliyekuwa katika msimu bora wa maisha yake, hakupata upenyo. Upande ule alikuwa Nuno Mendes akimbana, na nyuma ya Mendes alikuwa Pacho akiziba. Katika matuta Gianluigi Donnarumma akaokoa mbili. PSG 4, Liverpool 1.

Robo fainali ikawa Aston Villa. Paris walishinda 3–1 nyumbani, wakaenda Birmingham Aprili 15, na ndani ya dakika 27 Achraf Hakimi na Mendes wakafunga moja moja. Jumla 5–1. Watu wakaanza kuzima televisheni.

Wasingezima! Youri Tielemans akapiga shuti likamgusa beki njiani likaingia. Baada ya mapumziko John McGinn naye, shuti la mbali, likamgusa mtu, likampita Donnarumma. Dakika mbili baadaye Ezri Konsa akafunga la tatu. Jumla 5–4, na nusu saa nzima imesalia. Villa Park ikawa inatetemeka. Marco Asensio, mchezaji wa PSG mwenyewe aliyekopeshwa kwa Villa, akabaki ana kwa ana na Donnarumma, kipa akaokoa. Donnarumma akaokoa tena, kichwa cha Tielemans. Mabeki waliacha kupiga pasi, wakawa wanauondosha mpira popote.

Dakika za majeruhi. Mpira unamfikia Ian Maatsen ndani ya eneo la hatari, mguu wake wa kushoto, lango liko wazi mbele yake. Bao hapa ni dakika thelathini za ziada kwa timu iliyokwisha pumzi. Kati ya Maatsen na lango kuna jezi moja iliyokwisha kuruka, namba 51...

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO

SEHEMU YA NNE

Mpira ulimgonga. Pacho alijitupa mbele ya shuti la Maatsen, likagonga mwili wake, likafa. PSG wakavuka kwa jumla ya 5–4.

Nusu fainali Arsenal walifungwa London kwa bao la mapema la Dembélé, wakafungwa tena Paris 2–1. Fainali ikawa Mei 31, 2025, mjini Munich, kwenye uwanja ule ule ambao Novemba waliondoka vichwa chini.

Sasa tufike kwenye tukio lililoipa simulizi hii jina. Dakika ya 12 Hakimi amekwisha kufunga, PSG 1, Inter Milan 0. Dakika ya 20, Inter wanapeleka mpira mbele upande wa kushoto wa ngome ya Paris. Mpira unaelekea kuvuka mstari wa lango. Nicolò Barella, kiungo mjanja kuliko wengi Ulaya, anauwekea mwili, anaukinga, anangoja uvuke apate kona. Ni jambo la busara: nusu fainali Inter waliwafunga Barcelona kwa mipira ya kona. Mabeki tisa kati ya kumi huuachia, huinua mkono kudai, hurudi kupanga ukuta.

Pacho hakuuachia. Alimzunguka Barella, akapenyeza mguu, akauchomoa pale pale kwenye chokaa. Mpira ukaenda kwa Khvicha Kvaratskhelia, kwake ukaenda kwa Dembélé aliyekimbia uwanda wote wa kushoto, Dembélé akauvusha upande wa pili kwa Désiré Doué, na Doué, miaka 19, akapiga, ukamgusa Federico Dimarco, ukaingia. Mbili bila.

Inter walikuwa sekunde chache kabla wanangoja kona ya kusawazisha. Hawakuinuka tena. Doué akaongeza, Kvaratskhelia akaongeza, kinda Senny Mayulu akaongeza. 5–0, tofauti kubwa kuliko fainali yoyote katika historia ya mashindano hayo. Katika orodha ya wafungaji na watoa pasi za mabao hutaliona jina la Pacho. Ndiye Mecuador wa kwanza kutwaa Ligi ya Mabingwa. Antonio Valencia alicheza fainali ya 2011 akiwa na Manchester United, akashindwa na Barcelona.

Siku kumi baada ya Munich, Juni 10, Ecuador walikwenda Lima wakatoka sare ya bila kufungana na Peru, na kwa sare hiyo wakakata tiketi ya Kombe la Dunia la 2026. Walikuwa wameanza mechi za kufuzu wakiwa na pointi tatu pungufu ya sifuri, adhabu ya sakata la hati za Byron Castillo. Zilipokamilika mechi zote 18 mwezi Septemba walikuwa wa pili Amerika Kusini, nyuma ya Argentina tu. Mabao waliyofungwa: matano. Sina haja ya kuipamba hesabu hiyo. Bara la Messi, la Vinícius, la Luis Díaz, mechi 18, mabao matano.

Akiwa na umri wa miaka 23 alikuwa na Ligi ya Mabingwa, ubingwa na kombe la Ufaransa, na nafasi kwenye Kombe la Dunia. Kombe moja tu la msimu ule lilikuwa halijachezwa hadi mwisho: Kombe la Dunia la Klabu, Marekani.

Julai 5, Atlanta. Robo fainali, PSG dhidi ya Bayern. Usiku uliotangulia Chelsea walikwisha kuingia nusu fainali upande wa pili wa ratiba, na kiungo wao wa kati alikuwa Moisés Caicedo, yule mwenzake wa kituo cha Sangolquí. Kila mtu Ecuador aliiona picha ya fainali kabla haijapigwa: vijana wawili wa klabu moja ya milimani, kila mmoja na jezi yake, kwenye uwanja mkubwa nje ya New York.

Mechi ilikuwa ngumu na ya kuumiza. Kabla ya mapumziko Jamal Musiala aligongana na Donnarumma, mguu ukavunjika, wachezaji wa pande zote wakageuza nyuso. Dakika ya 78 Doué akafunga. Moja bila. PSG walihitaji kufanya kile wanachojua kuliko wote: kuzuia.

Dakika ya 82. Mpira uliolegea, Leon Goretzka anaufuata. Pacho naye anaufuata. Ni hesabu ile ile ya Munich na ya Birmingham, kwamba mpira huu nitaufikia. Safari hii hakuufikia. Goretzka aliugusa kwanza, na njumu za Pacho zikakuta kifundo cha mguu.

Mwamuzi Anthony Taylor alikuwa karibu. Hakusita, mkono ukaenda mfukoni, ukatoka na nyekundu.

PSG wamebaki kumi. Zimesalia dakika nane na zile za majeruhi. Harry Kane yumo ndani ya eneo la hatari, Bayern wamepandisha watu wote, na ngome ya Paris imebaki na Marquinhos bila mwenzake. Wakifungwa, lawama ni ya mtu mmoja. Wakishinda, mechi inayofuata ni nusu fainali, na mwenye kadi nyekundu ya moja kwa moja hajui kama atafungiwa mechi moja au mbili. Zikiwa mbili, fainali na Caicedo itapita bila yeye. Pacho anavuka mstari wa pembeni, anaingia njia ya vyumbani, na nyuma yake Bayern wanaupanga mpira wa adhabu...

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO